AL-BIRUNI: MWANACHUONI ALIYESOMESHA SAYANSI KWA MASWALI

Ndugu wanafunzi, wapo miongoni mwetu wanaoliogopa somo la sayansi, na wengine huona haya kumuuliza mwalimu wasije wakachekwa na wenzao. Hebu tumsome mwanachuoni wa Kiislamu aliyemwandikia mwanafunzi anayeanza kitabu kizima cha maswali na majibu.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) huko Kath, katika nchi ya Khwarazm. Mahali hapo leo pamo ndani ya Uzbekistan. Tangu ujana wake alishughulika na hesabu na elimu ya nyota. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa pamoja na wanazuoni wengine hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Alikuwa na umri wa miaka 44 hivi, yuko mbali na kwao, wala hakwenda kwa hiari yake. Hata hivyo hakuiweka chini kalamu.

Mwaka 1029 aliandika Kitab al-Tafhim, yaani kitabu cha kufahamisha. Alimwandikia mwanamke wa Khwarazm, Rayhana bint al-Hasan, aliyetaka kujifunza. Ndani yake mna maswali mafupi zaidi ya 500, kila moja na jibu lake, na panapohitajika mchoro akachora. Alianza na maumbo: nukta ni nini, mstari ni nini. Kisha hesabu, kisha umbo la ardhi na mienendo ya jua, mwezi na nyota. Hakumrukisha mwanafunzi hatua, kwani asiyejua pembe ni nini hawezi kufahamu jinsi kimo cha jua kinavyopimwa.

Yeye mwenyewe hakutosheka na kusikia, bali alipima. Huko Nandana, katika Pakistan ya leo, alipima kwanza urefu wa mlima. Kisha akapanda juu yake na kupima pembe ndogo ambayo upeo wa macho huonekana umeshuka. Kwa vipimo hivyo viwili tu akapata nusu kipenyo cha dunia, na jibu lake lilikaribia kilomita 6,371 tunazosomeshwa leo. Vilevile alitumbukiza madini na vito katika chombo kilichojaa maji, chenye mrija pembeni, akapima uzito wa maji yaliyomwagika ili ajue kipi kizito kuliko kingine. Jaribio la namna hiyo wanafunzi wa sekondari hulifanya mpaka leo.

Al-Biruni alifariki Ghazna kiasi cha mwaka 1048 (440 Hijria). Inasimuliwa kwamba alipokuwa mahututi alitembelewa na faqihi mmoja, naye akamuuliza mas-ala ya mirathi. Mgeni akastaajabu kuulizwa katika hali ile. Al-Biruni akamfahamisha kuwa ni bora auage ulimwengu hali analijua jambo hilo kuliko kuondoka bila kulijua. Akaelezwa, naye akalirudia. Mgeni hakufika mbali ila alisikia vilio kutoka nyumbani mle.

Basi wanafunzi, wavulana kwa wasichana, ikiwa mzee kama huyo hakuona haya kuuliza akiwa kitandani pa mauti, sisi tulio darasani tuna udhuru gani? Inua mkono uulize. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.