Aliyekitafuta Kiswahili akiwa ughaibuni

Muhula uliopita, nilipokuwa nikitoa mhadhara juu ya kuenea kwa Kiswahili duniani, niliwaomba wanafunzi wangu waniandikie majina matano ya watu weusi wa ng'ambo ambao maisha yao wanayafahamu. Karatasi zilirudi zimejaa majina ya wanamuziki na wachezaji kandanda. Wachache walimkumbuka Martin Luther King, na wengi Barack Obama. Hapana hata mmoja aliyemtaja Paul Robeson. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nililisikia jina hilo nikiwa tayari nimehitimu shahada ya kwanza, tena ya isimu. Ndipo nilipoona kuwa ni wajibu wangu kuyasimulia maisha yake hapa, hasa kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wao.

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, nchini Marekani. Babaye alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akajisomesha hadi akawa mchungaji wa kanisa. Mamaye alikuwa mwalimu. Mama huyo alifariki kwa ajali ya moto mwaka 1904, Paul akiwa hajatimiza miaka sita. Hivyo basi alilelewa na baba aliyejua kwa mwili wake maana ya kumilikiwa na mtu mwingine.

Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi mweusi wa pekee chuoni wakati huo. Alipojaribu kujiunga na timu ya kandanda ya Kimarekani, vijana wa Kizungu walimvunja pua na mmoja akamkanyaga mkono kwa makusudi. Hakuondoka. Alicheza hadi akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa taifa zima, na mwaka 1919 akahitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya wahitimu. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza mwaka 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani wa Kizungu alikataa kuandika imla ya mtu mweusi. Robeson aliiacha kazi hiyo, akageukia jukwaa.

Huko jukwaani ndiko ulimwengu ulikomjua. Mwaka 1925, mjini New York, aliimba tamasha zima la nyimbo za kiroho za watumwa, nyimbo ambazo weusi wengi waliosoma walikuwa wakizionea haya. Mwaka 1930 aliigiza Othello mjini London, na mwaka 1943 akaiigiza tena New York, ikaonyeshwa mara 296. Sauti yake nzito ilijaza kumbi za Ulaya na Marekani.

Hata hivyo, sehemu ya maisha yake inayonigusa zaidi kama mwanaisimu ilitokea London, miaka ya thelathini. Hapo Robeson alikuwa na fedha, sifa na marafiki wakubwa. Akiwa katika kilele hicho, alijiandikisha katika taasisi ya masomo ya nchi za Mashariki, ambayo baadaye iliongezewa Afrika katika jina lake, akaanza kujifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alikuwa amezungukwa na wanafunzi na wanasiasa kutoka Afrika, akatambua kwamba nyimbo alizoziimba tangu utotoni zilikuwa na chimbuko, na kwamba chimbuko hilo lilikuwa na lugha zenye sarufi, methali na falsafa. Alizama pia katika fonetiki. Baadhi ya nadharia zake, kama vile ufanano aliouona kati ya fikra za Kiafrika na za Kichina, sisi wanaisimu tungezitilia shaka leo. Lakini swali alilouliza lilikuwa sahihi: mtu aliyenyang'anywa lugha ya mababu zake amenyang'anywa nini hasa?

London hiyo hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta. Wakati huo Kenyatta alikuwa akitoa sauti yake katika utafiti wa Lilias Armstrong juu ya matamshi na toni za Kikuyu, kazi iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1940. Mwaka 1937 alimfunza Kiswahili Ralph Bunche, msomi mweusi wa Marekani ambaye mwaka 1950 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kenyatta na Robeson walikutana pia katika filamu ya Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Robeson aliigiza kama mtemi, na Kenyatta akawa na nafasi ndogo. Robeson alitarajia filamu hiyo ingeonyesha heshima ya utamaduni wa Kiafrika. Ilipotoka, aliona kwamba imegeuzwa kuwa sifa kwa mkoloni, akaiaibikia maisha yake yote. Mwaka 1936 mkewe, Eslanda, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia, alisafiri na mtoto wao kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, na mwaka 1945 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo.

Msomaji na alinganishe hayo na mambo ya huku kwetu katika miaka ile ile. Hapa Bonde la Ufa, ardhi bora kutoka Naivasha hadi Njoro ilikuwa mikononi mwa walowezi, na Mwafrika alibeba kipande shingoni. Mwaka 1939 Lord Egerton alianzisha Njoro shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mtu mweusi aliyetaka kuitwa mstaarabu alipimwa kwa Kiingereza chake, ilhali ng'ambo kulikuwa na mtu mweusi mwenye Kiingereza cha kupigiwa mfano, naye alikuwa akihangaika kujifunza ngeli za Kiswahili.

Robeson hakukomea kwenye lugha. Aliporejea Marekani alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Mambo ya Afrika, lililopigania uhuru wa makoloni. Mwaka 1949 wahuni walivamia tamasha lake huko Peekskill, na mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Katika hoja zake mahakamani, serikali ilitaja wazi kwamba alikuwa ameshughulika kwa miaka mingi na uhuru wa watu wa Afrika. Kumbi zilimfungia milango, mapato yake yakaporomoka. Na bado, Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, Kenyatta akashtakiwa Kapenguria, na maelfu ya maskwota Wakikuyu wakafukuzwa mashambani na kupitishwa katika kambi kama ile ya Gilgil, Baraza hilo lilisema bayana kwamba Waafrika wa Kenya walikuwa wakidai haki yao. Mwaka 1954 likaunda kamati ya kuisaidia Kenya. Mwaka uliofuata Baraza lenyewe lilivunjwa kwa shinikizo la serikali.

Sitaki nimfanye malaika. Robeson aliupenda Muungano wa Kisovieti kupita kiasi, akayanyamazia hadharani maovu ya Stalin hata alipokuwa na sababu ya kuyajua. Hilo ni doa, na mwalimu mwaminifu hana budi kulitaja. Alirudishiwa pasipoti mwaka 1958, lakini afya yake ilidhoofika muda si mrefu. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, wengi wa rika langu wakiwa bado hawajazaliwa.

Kwa nini nayarejelea haya yote? Katika shule ya msingi niliyosomea, mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Nilidhani nimepona. Lakini juzijuzi nilikwenda kumchukua binti yangu shuleni, hapa Nakuru, naye akaninong'oneza nisiseme naye kwa Kiswahili mbele ya rafiki zake. Mimi, mwenye uzamifu katika isimu ya lugha hii, nilimtii. Tulitembea hadi kituo cha matatu tukizungumza Kiingereza, na aibu niliyoihisi ilikuwa ile ile ya kibao.

Wahenga walisema kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Mwana wa mtumwa aliyetoroka alilielewa jambo hilo kuliko sisi tuliozaliwa huru. Walimu wa Kiswahili na wa historia wanaweza kuanza bila kungojea mtaala mpya. Waweke ramani ukutani, wachore mstari kutoka Princeton hadi London, kutoka London hadi Kapenguria na Gilgil, kisha wawaulize wanafunzi ni nini kilichowaunganisha watu wa mahali hapo. Historia ya mtu mweusi duniani si hadithi ya wageni. Inapita katika mashamba tunayoyaona kutoka madirishani.

Jioni ile, baada ya chajio, nilimsimulia binti yangu habari za Robeson, kwa Kiswahili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mtu huyo hatimaye alikijua Kiswahili sawasawa. Nilimjibu kwamba la muhimu ni kuwa hakuona haya kukisoma. Sijui kesho langoni atasema nami kwa lugha gani. Ninachojua ni kwamba mimi, safari hii, sitanong'ona.