Mohamed Amin: Mpigapicha aliyejua kuwatafuta watazamaji

WAKENYA wengi humkumbuka marehemu Mohamed Amin kwa picha za njaa ya Ethiopia alizozipiga mwaka wa 1984, ambazo ziliitikisa dunia nzima. Wachache hukumbuka kwamba kamera ilikuwa nusu tu ya ustadi wake. Nusu ya pili ilikuwa kujua picha itaelekea wapi, itafika lini, itaonyeshwa na nani na ni nani atakayeilipia.

Swali hilo la njia ya kuwafikia watazamaji ndilo linalowasumbua watengenezaji filamu wa kujitegemea hadi leo. Kijana wa Leparua, katika Kaunti ya Isiolo, anaweza kutumia simu yake kupiga filamu kuhusu malisho, maji na amani baina ya jamii za wafugaji, kisha akaiweka kwenye intaneti siku hiyohiyo. Hata hivyo, kuweka filamu mahali inapoweza kuonekana ni jambo moja, na filamu hiyo kuonekana ni jambo jingine. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya filamu methali hiyo haifui dafu, kwani kizuri nacho sharti kitembezwe. Maisha ya Mohamed Amin ni ushahidi wa hayo.

Mtoto wa Eastleigh

Amin, ambaye marafiki na wenzake kazini walizoea kumwita Mo, alizaliwa mtaani Eastleigh, Nairobi, Agosti 29, 1943. Wazazi wake walikuwa na asili ya Punjab, na babake alikuwa mfanyakazi wa reli. Angali mtoto, familia yake ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokuwa imekwisha kutumika.

Tangu ujanani alitambua kwamba picha ni bidhaa, na kwamba bidhaa hukosa thamani isipofika sokoni kwa wakati. Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake mwenyewe jijini Dar es Salaam na kuipa jina la Camerapix. Hakuwa na ofisi kubwa wala mtaji wa maana.

Bahati yake, au pengine mkosi wake, ni kwamba Afrika Mashariki ilikuwa inaingia katika kipindi cha misukosuko. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye wanajeshi wakaasi jijini Dar es Salaam. Amin alikuwa karibu na matukio hayo yote mawili, na mashirika ya habari ya ng'ambo yalihitaji picha.

Msomaji wa leo hana budi kukumbuka jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Filamu ilikuwa ukanda uliofungwa koponi. Haikuweza kutumwa kwa waya. Ilipasa isafirishwe kwa ndege hadi London, isafishwe, ikatwe na kuunganishwa ndipo ionyeshwe. Mpigapicha ambaye hakujua ratiba ya ndege angeweza kupiga picha bora kuliko wenzake wote na bado akashindwa na aliyewahi uwanjani kabla yake. Kwa sababu hiyo, mpigapicha aliyekuwa peke yake, bila shirika la kumbebea mzigo, alilazimika kuwa msafirishaji na mchuuzi wa kazi yake mwenyewe.

Jela ya Zanzibar

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka wa 1966 Amin alikamatwa Zanzibar na kutiwa katika jela ya Kiinua Miguu, ambako aliteswa. Alikaa humo karibu mwezi mzima. Alipoachiliwa alifukuzwa nchini, akarejea Kenya alikozaliwa, na Camerapix ikahamia naye Nairobi.

Pigo hilo lingetosha kumvunja moyo kijana asiye na mwajiri. Badala yake, aliijenga upya kampuni yake katika jiji lililokuwa na safari nyingi za ndege na lililokuwa makao ya waandishi wengi wa kigeni. Aliingia katika mapatano na Visnews, shirika la London lililosambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani, lakini hakuiacha Camerapix ife. Kwa njia hiyo alipata mlango wa kuifikia dunia huku akibaki na nyumba yake mwenyewe.

Aidha, alikuwa na desturi iliyowashangaza wenzake. Alikwenda kazini na kamera za filamu na za picha za mnato kwa pamoja, na tukio moja akalipiga kwa namna zote mbili. Televisheni ilipata filamu yake, magazeti yakapata picha zao, na zilizobaki zikaingia katika hifadhi ya kampuni zikisubiri kitabu au makala ya baadaye. Safari moja ilizaa mapato mara tatu.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi katika barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Amin alifika upesi, akaingia katika ambulensi iliyombeba Mboya na kuendelea kupiga picha. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa habari za televisheni wa mwaka huo nchini Uingereza. Katika miaka iliyofuata alifuatilia utawala wa Idi Amin nchini Uganda na kufukuzwa kwa Waasia nchini humo mwaka wa 1972. Vilevile alizipiga picha ibada za Hija huko Makka, ambazo baadaye zilitolewa kitabu.

Vitabu vilikuwa njia yake nyingine ya kuwafikia watu. Akishirikiana na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley, alitoa vitabu vingi vya picha kuhusu Kenya na nchi nyingine. Mwaka wa 1981 kilitoka Cradle of Mankind, kinachohusu eneo la Ziwa Turkana na watu wake. Habari ya televisheni hupita kwa dakika mbili na kusahaulika, ilhali kitabu hukaa rafuni miaka mingi.

Korem, 1984

Mwaka wa 1984 ukame ulizikumba nchi nyingi za pembe hii ya Afrika. Kaskazini mwa Kenya mifugo iliteketea. Nchini Ethiopia hali ilikuwa mbaya kupindukia, kwani ukame ulikutana na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ya Mengistu Haile Mariam haikutaka maeneo yaliyoathirika yaonekane.

Amin alitumia uhusiano alioujenga kwa miaka mingi na maafisa wa Addis Ababa kupata kibali. Mwezi wa Oktoba alisafiri pamoja na Michael Buerk, mwanahabari wa BBC, hadi Makale na Korem, ambako maelfu ya watu walikuwa wamelala uwanjani katika baridi ya alfajiri wakingoja chakula au mauti.

Filamu hiyo ilirushwa na BBC Oktoba 23, 1984. Ilidumu dakika zisizofika nane. Wahariri wa shirika la NBC nchini Marekani walisita mwanzoni, lakini wenzao waliokuwa London walipoiona na kuishikilia, ilipelekwa kwa setilaiti na kuonyeshwa siku hiyohiyo. Kupitia Visnews, inakadiriwa kwamba picha hizo zilionyeshwa na vituo 425 na kuwafikia watu wapatao milioni 470.

Yaliyofuata yanajulikana. Wanamuziki wa Uingereza wakiongozwa na Bob Geldof walitoa wimbo wa kuchangisha fedha kabla ya mwaka kumalizika. Wenzao wa Marekani wakafuata mapema mwaka wa 1985, na Julai 13 mwaka huo likafanyika tamasha la Live Aid jijini London na Philadelphia. Fedha zilichangwa kwa mamilioni na misaada ikamiminika.

Hapa ndipo funzo kuu lilipo. Njaa ilikuwepo kabla ya Oktoba 1984, na taarifa zake zilikuwa zimetolewa na kupuuzwa. Kilichobadilika ni kwamba picha zenye nguvu zilikutana na njia iliyo wazi: kibali cha serikali, shirika kubwa la utangazaji, msambazaji mwenye wateja kila bara na setilaiti. Kama mojawapo ya mambo hayo ingekosekana, huenda filamu ya Korem ingebaki koponi.

Sifa hizo hazikukosa doa. Wapo waliolalamika, na wangali wanalalamika, kwamba picha za aina hiyo ziliifanya Afrika ionekane kuwa bara la ombaomba. Hata hivyo, lawama hiyo haimhusu mpigapicha peke yake. Aliyekuwa na milango ya kuonyesha ndiye aliyechagua cha kuonyesha, na milango hiyo ilikuwa London na New York. Waafrika wengi walizipata habari za jirani zao kupitia vituo vya wageni.

Mkono mmoja

Juni 1991, siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa. Amin na wenzake walikuwa hapo wakipiga filamu. John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Amin alijeruhiwa vibaya na mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Wengi walidhani kazi yake imefikia kikomo. Alikwenda Marekani, akawekewa mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, kamera ikatengenezwa ili aweze kuitumia, na baada ya miezi michache akarejea kazini.

Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya shirika la Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na rafiki yake Brian Tetley. Camerapix ilikuwa ikilichapishia shirika hilo jarida la abiria, Selamta. Watu watatu waliiteka nyara ndege hiyo na kumshurutisha rubani aelekee Australia ingawa mafuta hayakutosha. Mafuta yalipokwisha, ndege ilianguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Manusura walieleza kwamba dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuwakabili watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53. Alizikwa Nairobi.

Enzi ya intaneti

Mwanawe, Salim Amin, alirithi Camerapix na hifadhi yake kubwa ya filamu na picha. Mwaka wa 2006 ilitolewa filamu ya Mo & Me, inayosimulia maisha ya baba kwa macho ya mwana. Baadaye Salim na wenzake walikuwa na wazo la kuanzisha runinga ya Afrika ya saa 24. Fedha za kuendesha kituo kama hicho ni nyingi mno, na mwaka wa 2008 wazo hilo lilizaa jukwaa la intaneti lililoitwa A24 Media, ambapo wanahabari na watengenezaji filamu wa Afrika wangeweza kuweka kazi zao ziuzwe kwa vituo vya ulimwengu, nao wakapata sehemu yao ya mapato. Lililomchukua baba ndege, vibali na mapatano ya miaka mingi lilikuwa sasa linajaribiwa kwa kompyuta.

Tangu wakati huo njia zimezidi kufunguka. YouTube imemwezesha yeyote mwenye simu na bando kuwa na kituo chake. Lakini mlango ukiwa wazi kwa wote, msongamano nao huwa mkubwa, na filamu ya mtu asiyejulikana hupotea kama sindano mchangani. Wanaofanikiwa ni wale wanaoanza kumtafuta mtazamaji kabla ya filamu kukamilika: wanaojua ni jamii gani itakayoguswa, ni tamasha gani litakaloipokea na ni kituo gani kitakachoinunua.

Isiolo yenyewe ina mfano. Filamu ya Between the Rains, iliyopigwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa Waturkana wa Ngaremara na kuongozwa na Andrew H. Brown na Moses Thuranira, ilishinda tuzo ya filamu bora ya hali halisi katika tamasha la Tribeca jijini New York mwaka wa 2023. Inahusu ukame na ugomvi wa mifugo, mambo ambayo mfugaji wa Leparua anayajua kuliko mwamuzi yeyote wa tamasha. Ushindi huo unaonyesha kwamba habari za nyanda hizo kavu zina watazamaji mbali, mradi zipate njia. Unaacha pia swali la jinsi filamu kama hizo zitakavyorudi kuonyeshwa kwa wenyewe, katika vijiji visivyo na jumba la sinema.

Kuhusu hilo, Amin aliacha akiba moja ambayo kijana mwenye kamera hana budi kuizingatia. Alipouza picha zake, alitunza pia hifadhi yake. Ndiyo maana, miaka mingi baada ya ndege kuanguka Ngazija, maelfu ya picha zake yaliwekwa kwenye intaneti ili mtu yeyote azitazame bila malipo, na kampuni aliyoianzisha akiwa kijana ikabaki na urithi wa kuendeleza. Anayetoa filamu yake yote kwa haraka ya kuonekana, bila mkataba wala nakala, huonekana mara moja tu.