Antonio Carpenè: Mkemia aliyeyapa thamani mapovu ya Prosecco

KASKAZINI mashariki mwa Italia, kati ya miji ya Conegliano na Valdobbiadene, kuna vilima vyenye miteremko mikali ambako sehemu kubwa ya kazi ya mizabibu bado hufanywa kwa mikono. Huko ndiko chimbuko la umaarufu wa Prosecco, mvinyo wenye mapovu unaouzwa duniani kote.

Hali haikuwa hivyo katika karne ya 19. Wakulima wa mkoa huo wa Veneto walikuwa maskini, na kuanzia miaka ya 1870 maelfu yao walihamia Brazil kutafuta ardhi.

Antonio Carpenè, mkemia aliyezaliwa mwaka 1838, aliona kuwa utajiri ungeweza kupatikana hapo hapo vilimani. Mwaka 1868 aliungana na wenzake, akiwamo Malvolti, wakaanzisha kampuni ya mvinyo mjini Conegliano.

Mvinyo wa huko ulikuwa na tabia moja. Baridi ilipoingia baada ya mavuno, hamira ililala kabla ya kumaliza sukari. Joto liliporudi, mvinyo ulichacha tena na kutoa gesi. Wengi waliiacha gesi hiyo ipotee, au ikapasua chupa. Carpenè alitumia kemia kuidhibiti, na kile kilichokuwa hasara kikawa bidhaa yenye bei.

Hakuufanya ujuzi huo kuwa siri ya kiwanda chake. Mwaka 1876, yeye na Giovanni Battista Cerletti walianzisha mjini humo shule ya kwanza ya utaalamu wa mvinyo nchini Italia. Shule hiyo ingalipo.

Mwaka 1895, Federico Martinotti wa Asti alisajili hataza ya kuuchachusha mvinyo kwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa, badala ya chupa moja moja. Njia hiyo ilipunguza gharama, na ndiyo inayotumika kwa sehemu kubwa ya Prosecco.

Carpenè alifariki dunia mwaka 1902. Kampuni iliendelea chini ya mwanawe, Etile, na mwaka 1924 ikaandika jina Prosecco kwenye lebo zake.

Jina hilo nalo lilihitaji ulinzi. Kwa kuwa lilikuwa pia jina la zabibu, yeyote aliyepanda mbegu hiyo, popote alipo, angeweza kulitumia. Mwaka 2009, Italia iliipa zabibu jina la Glera, na Prosecco likabaki jina la eneo, ambalo linajumuisha kijiji cha Prosecco karibu na Trieste.

Sasa zaidi ya chupa milioni 600 huzalishwa kwa mwaka. Ujuzi wa Carpenè ulileta bidhaa, shule ikaleta wataalamu, na sheria ikahakikisha faida ya jina hilo inabaki kwa wakulima wa eneo lake.