MCHUNGAJI ALIYECHUNGUZA HEWA: MAISHA YA JOSEPH PRIESTLEY



Katika somo la shimi tunasikia jina la Joseph Priestley dakika mbili tu, kisha ubao unafutwa. Wengi wetu hatujui ya kuwa mtu huyu alikuwa mchungaji wa kanisa. Nimeona vizuri tujue maisha yake, juu kazi yake inagusa pumzi ya kila mmoja wetu.

Priestley alizaliwa mwaka 1733 karibu na Leeds, Uingereza. Mama yake alikufa angali mtoto mdogo, akalelewa na shangazi yake. Alikuwa na kigugumizi, tena hakuwa wa kanisa la serikali, kwa hiyo vyuo vikubwa vya nchi yake vilikuwa vimefungwa kwake. Alisoma katika chuo cha Waprotestanti wenzake, halafu akakuwa mchungaji na mwalimu. Mshahara ulikuwa kidogo sana.

Mwaka 1767 alienda kutumikia kanisa moja la Leeds. Jirani na nyumba yake kulikuwa kiwanda cha pombe. Juu ya mapipa ya pombe ilikuwa inalala hewa nzito. Ukiingiza moto ndani yake, unazimika. Mtu mwingine angepita tu. Yeye alisimama, akaanza kuuliza: kumbe hewa si namna moja?

Mwaka 1771 alifanya jaribio ambalo hata sisi tunaweza kulielewa bila labo. Alifunika mshumaa unaowaka ndani ya chombo mpaka ukazimika wenyewe. Hewa ya ndani ilikuwa imeharibika. Akaingiza humo tawi la mnanaa, majani yale yenye harufu nzuri, akaliacha. Kiisha siku kumi akajaribu tena: mshumaa ukawaka vizuri! Aliona pia kwamba panya anaweza kuishi katika hewa iliyotengenezwa na majani. Ndipo akafahamu ya kuwa mimea inasafisha hewa inayoharibiwa na moto na pumzi.

Tarehe 1 Agosti 1774 alichukua kioo kikubwa kinachokusanya mionzi ya jua, akachoma nacho unga mwekundu wa zebaki. Ikatoka hewa ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Ni ile tunayoita leo oksijeni. Ule mwaka alisafiri Paris, akamwelezea Lavoisier yote aliyoyaona, bila kuficha kitu. Scheele wa Sweden alikuwa ameipata hewa hiyo mbele yake, lakini kitabu chake kilitoka mwaka 1777, Priestley akiwa amekwisha kutangaza yake.

Sasa musikilize vizuri. Mwaka 1778 aliona kitu kibichi kama utelezi kimeota ndani ya vyombo vyake vya maji. Kikiwa kwenye jua, kilitoa viputo vya hewa safi. Kikiwa gizani, hapana. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Lakini mwanzoni hakukubali kwamba utelezi ule ni mmea. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, ndiye aliyeonyesha wazi ya kuwa majani mabichi yanasafisha hewa wakati yanapopata mwanga tu.

Utelezi ule si kitu cha kuchekwa. Leo tunajua ya kuwa juu ya bahari zote kunaelea mimea midogo sana, ambayo macho peke yake hayawezi kuiona. Jua likiipiga, inachukua gazi kaboniki iliyo ndani ya maji na kutoa oksijeni. Maji yakipungukiwa na gazi ile, yanavuta nyingine kutoka angani. Karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa na mimea duniani inatoka baharini, ijapokuwa sehemu kubwa yake inatumiwa tena na viumbe vya humo humo. Kwa hiyo hata sisi tunaokaa mbali na bahari tuko na deni kwa mimea ile. Priestley aliona kazi hiyo ndani ya chupa.

Lakini maisha yake yalikuwa magumu. Tarehe 14 Julai 1791, huko Birmingham, watu walikasirika juu aliunga mkono mapinduzi ya Ufaransa na juu ya mafundisho yake ya dini. Wakachoma kanisa lake, nyumba, vitabu na labo. Yeye na mke wake walikimbia. Mwaka 1794 walihamia Marekani, na huko, katika jimbo la Pennsylvania, alijenga labo nyingine. Alikufa tarehe 6 Februari 1804.

Sitaki kuwaficha: Priestley hakuamini Utatu Mtakatifu, na katika jambo hilo sisi hatumfuati. Hata katika shimi alikosea. Mpaka kufa alishikilia fundisho la zamani kwamba kila kitu kinachowaka kinatoa flogistoni, wakati Lavoisier alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kinachukua oksijeni. Aliona kwanza, lakini mwingine ndiye aliyefahamu.

Je, kazi yake ilikuwa ya bure? Hapana. Kila alichokiona alikiandika na kukitoa kwa wote, hata kile ambacho hakukielewa. Kama angeficha utelezi wake kwa haya, wengine wangechelewa. Lakini sisi darasani tunaficha daftari juu ya kuogopa mwenzetu atatupita, tena tunaficha makosa yetu tusichekwe. Wandugu, tuache tabia hiyo. Mwenzako anaweza kuona maana ya kile ulichokiona wewe, na hapo kazi yenu wote wawili inasonga mbele.