Annalena Tonelli na Manyatta ya Wajir

Historia ya tiba ya kifua kikuu nchini Kenya haiwezi kukamilika bila kumtaja Annalena Tonelli. Alizaliwa mjini Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943, akahitimu shahada ya sheria, na mwaka 1969 akaja Kenya kufundisha. Punde si punde alihamia Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa. Huko, yeye na wanawake wenzake walianzisha kituo cha kuwahudumia walemavu.

Ugonjwa uliomshughulisha zaidi ulikuwa kifua kikuu. Tiba ya enzi hiyo ilichukua mwaka mzima au zaidi. Mfugaji wa kuhamahama alilazwa, akapata nafuu baada ya majuma machache, kisha akawafuata ngamia wake kwenye maji na malisho. Dawa zilipokatizwa ugonjwa ulirudi, na pengine viini vilikuwa vimekwisha kuwa sugu. Ikadhaniwa kwamba mhamaji hatibiki.

Wakati huo huo, majaribio ya kitabibu yaliyoanza mwaka 1970 Afrika Mashariki na Zambia yalikuwa yameonyesha kuwa mseto wa dawa wenye rifampisini ungeweza kufupisha tiba hadi miezi 6. Hivyo basi, suala la dawa lilikuwa limepata jibu. Lililobaki ni namna ya kumfanya mfugaji akae mahali pamoja kwa miezi hiyo 6.

Mwaka 1976 Tonelli, ambaye hakuwa daktari, alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwaacha wajenge vibanda vyao karibu na kituo, waishi jinsi walivyozoea. Walimeza dawa mbele ya mhudumu hadi siku ya mwisho. Manyatta hiyo ilidhihirisha kwamba kupona kulitegemea kuikamilisha tiba, na kwamba mhamaji huikamilisha pale tiba inapoheshimu maisha yake. Katikati ya miaka ya 1990, shirika hilo liliufanya usimamizi wa umezaji dawa kuwa nguzo ya mkakati wake duniani kote.

Mnamo Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Wenyeji walitaja idadi kubwa zaidi mno. Tonelli aliwahudumia majeruhi na kusaidia kuufikisha ushahidi nje ya Wajir. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya.

Hata hivyo, hakuiacha kazi yake. Aliwatibu wagonjwa wa kifua kikuu nchini Somalia, na kuanzia mwaka 1996 akaendesha hospitali yao mjini Borama. Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa utumishi wake kwa wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hospitalini mwake, akafariki akiwa na umri wa miaka 60.

Sheria aliyoisomea hakuitumia mahakamani. Aliwatumikia watu waliodhaniwa hawatibiki, na walipouawa hakukubali vifo vyao vifichwe.