Ntare wa Tano: mfalme wa Nkore aliyetaka bunduki bila kutaka waliozileta

Madereva wanaotoka Mbarara kwenda mpaka wa Kikagati hupita wilaya ya Isingiro, ambako ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale pamoja na ziwa lenye jina hilo. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Maduka yake hupata shehena nyingi kutoka Mbarara. Ukivuka mto Kagera pale Kikagati unaingia Murongo, Kyerwa, nchini Tanzania.

Katika karne ya 19 upande huo ulikuwa mlango wa kusini wa ufalme wa Nkore, ambao Waingereza walikuja kuuita Ankole. Aliyeushika mlango huo kwa muda mrefu alikuwa Ntare wa Tano, Rugingiza, ambaye wengi wanalijua jina lake kutokana na shule ya Ntare iliyofunguliwa Mbarara mwaka 1956. Yoweri Museveni na Paul Kagame wote wawili walipitia shule hiyo.

Ntare alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Abahinda. Alipata kiti katika miaka ya 1870, baada ya vita vikali vya urithi vilivyofuata kifo cha Mutambuka, na hakukipata kwa hisani ya mtu. Nchi yake ilikuwa ndogo. Utajiri wake ulikuwa ng'ombe wenye pembe ndefu, na biashara ya kila siku ilikuwa ya kubadilishana: wafugaji walitoa maziwa, samli na ngozi, wakulima wakatoa ulezi, pombe na majembe. Chumvi ilitoka Katwe.

Biashara ya mbali ilikuwa na Unguja, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nkore. Misafara ilipakia Bagamoyo merikani, kaniki, shanga, magobori na baruti. Mara nyingi ilikuwa mali kauli, yaani mali iliyokopwa kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Wapagazi waliibeba mpaka Tabora, kisha kaskazini mpaka Kafuro, kituo cha Waarabu na Waswahili katika nchi ya Karagwe. Kutoka hapo msafara mkubwa ulielekea Buganda, kwani kwa kabaka ndiko kulikokuwa na pembe nyingi na soko la uhakika. Nkore ilibaki pembeni ya barabara. Kilichoifikia kilipitia mikononi mwa watu wa Karagwe, na kila mkono uliongeza bei. Anayenunua leo kwa dalali wa tatu anaijua hesabu hiyo.

Ntare angeweza kuita misafara ije moja kwa moja na kuipa uwanja wa kujenga, kama walivyofanya watawala wa Karagwe na Buganda. Hakufanya hivyo. Alizitaka bunduki na alitoa pembe ili azipate, ila wageni wenyewe hakutaka wakae karibu na boma lake. Alikuwa na sababu. Huko Buganda wageni walikuwa wameleta pamoja na bidhaa dini zilizogawa watu makundi, na mwaka 1888 kabaka Mwanga alipinduliwa. Hata hivyo, uamuzi huo ulimfanya mteja wa mwisho kwenye mstari, asiye na muuzaji wake mwenyewe.

Mwaka 1889 Stanley alipita Nkore akitoka Katwe kwenda Karagwe, akiwa na Emin Pasha na msafara wa mamia ya watu. Ntare hakujitokeza. Alimtuma mwanamfalme kijana, akachanjana damu na Stanley, na msafara ukapewa ndizi na njia ukaondoka salama.

Mwaka uliofuata mambo mawili yaliamuliwa Ulaya bila Nkore kuulizwa. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana tarehe 1 Julai 1890 kuwa mpaka wao magharibi ya ziwa Viktoria ufuate mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Nkore ikawa upande wa Waingereza, Karagwe upande wa Wajerumani. Aidha, mkataba wa Brussels wa mwaka huohuo ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa kalamu hizo mbili, biashara ya kawaida ya Ntare na jirani yake iligeuka kuwa magendo.

Katikati ya mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliingia Nkore. Alikuwa na hofu ya baruti iliyokuwa ikitoka upande wa Wajerumani kwenda kwa Kabarega wa Bunyoro, na alimjua vizuri Charles Stokes, Mwairlandi aliyeacha misheni akawa mfanyabiashara wa pembe na silaha. Safari hii pia Ntare alituma mtu. Mkataba ulifanywa kwa niaba yake: Nkore itazuia silaha zisipite, na Kampuni itailinda.

Kwa jicho la biashara ulikuwa mkataba mbaya. Ntare alitoa kitu halisi, yaani njia pekee ya kupata bunduki, akapokea ahadi ya kampuni iliyokuwa tayari na matatizo ya fedha. Mwezi Machi 1893 Kampuni hiyo ilijiondoa Uganda. Mwenye ahadi hakuwepo tena.

Wakati huohuo sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe. Ni vigumu leo kueleza uzito wa jambo hilo. Ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba, mahari, chakula na malipo ya askari, kwa hiyo ni kama benki zote za nchi kufungwa siku moja. Ndui nayo ikafuata kuua watu.

Ndipo majeshi ya Kigeri Rwabugiri wa Rwanda yalipoivamia Nkore, ikiwa haina ng'ombe wala silaha za kutosha. Ntare alilazimika kurudi nyuma katika nchi yake mwenyewe. Agosti 1894 Meja Cunningham alifanya naye mkataba mpya kwa jina la serikali ya Uingereza. Aliyetia sahihi ni Mbaguta, aliyekuja kuwa waziri mkuu mashuhuri wa Ankole. Mfalme hakuonekana hata siku hiyo.

Ntare alifariki mwaka 1895. Mwaka huohuo alifariki Rwabugiri, na Januari yake Stokes alikuwa amenyongwa Kongo na ofisa wa Kibelgiji, Lothaire, kwa tuhuma za kuwauzia Waarabu silaha. Kahaya alirithi kiti cha Nkore. Waingereza walijenga kituo Mbarara, na reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 nguo na majembe yakaanza kuingia kupitia ziwa Viktoria. Njia ya Karagwe ikaachiwa wenyeji, na Kagera ikabaki na vituo vya mpaka kila upande.