MWALIMU ENOCH SONTONGA: KAZI NYINGI, KAYE MOJA, WIMBO MMOJA



Katika namba hii sisi wa mwaka wa sita tunawaletea maisha ya mwalimu mmoja wa Afrika ya Kusini aliyekufa mwaka 1905. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Labda wengi kati yetu hawajasikia jina hilo, lakini wimbo wake wanaujua. Kila mtu aliyesikiliza radio ya Tanzania amekwisha kusikia wimbo wa taifa lao, ule wa kuomba Mungu aibariki Afrika. Muziki wa wimbo ule ulitungwa na mwalimu wa shule ya misheni, katikati ya kazi zake za kila siku.

Tumemchagua sababu ya mabishano yaliyo kati yetu. Kila mwaka Egzeta ikikaribia, wengine wanasema kwaya isimame kwanza, watu wasome. Na walimu wanaojua kutunga nyimbo, ukiwauliza, wanajibu kama hawana nafasi: asubuhi darasa, mangaribi shamba ao kazi nyingine ya kutafutia watoto chakula, usiku kusahihisha makaye kwa taa ndogo. Hawasemi uongo. Lakini tuangalie Sontonga naye alifanya namna gani.

KUZALIWA NA KUSOMA

Sontonga alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, mji ambao tangu mwaka 2021 unaitwa Kariega, upande wa kusini kabisa wa Afrika. Alikuwa mtu wa kabila la Waxhosa. Alipokua alisomea ualimu Lovedale, misheni ya Waskoti, ambapo shule ilianza mwaka 1841. Shule ile ilijulikana sana. Vijana weusi walitoka mbali kwenda kusoma kule.

Katika shule za misheni za wakati ule wanafunzi waliimba kwa solfa, njia ileile ambayo kwaya zetu zinaitumia mpaka leo. Njia hiyo ilianzishwa Uingereza katika karne ya 19 na mwalimu mwanamke, Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaitengeneza zaidi na kuieneza. Uzuri wake ni huu: haiombi piano, haiombi karatasi yenye mistari mitano. Inaomba herufi saba tu na alama ndogo za kuonyesha mapigo. Mwenye chaki na ubao anaweza kuandika sauti zote nne, na darasa zima likaimba palepale. Kwa mwalimu maskini asiye na nafasi, hicho si kitu kidogo.

KAZI YAKE KARIBU NA JOHANNESBURG

Kisha masomo Sontonga alitumwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti upande wa Nancefield, karibu na Johannesburg. Wandugu, fikirini namna mji ule ulivyokuwa. Dhahabu ilipatikana kule mwaka 1886. Miaka kumi tu baadaye, mahali palipokuwa majani matupu palikuwa na watu karibu 100,000. Wanaume walitoka kila upande, waliacha wake na watoto, wakashuka chini ya udongo kwa mshahara mdogo. Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua Kalima, tunajua Namoya, tunajua nyumba inavyobaki baba anapokwenda kwenye machimbo.

Katika mji ule wa makelele, mwalimu Sontonga alikuwa na kazi ngapi? Tuhesabu pamoja. Alifundisha darasani. Aliongoza kwaya ya shule. Alihubiri katika Kanisa, ingawa hakuwa mchungaji. Alipiga picha. Alikuwa pia na nyumba: alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mtumishi wa Kanisa, na walipata mtoto mwanamume. Basi mtu huyu hakuwa na nafasi kuliko walimu wetu. Labda alikuwa nayo kidogo zaidi.

NAMNA ALIVYOTUNGA

Mwaka 1897, alipokuwa na miaka karibu 24, Sontonga alitunga wimbo ulioitwa kwa Kixhosa Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake Bwana aibariki Afrika. Angalieni vizuri urefu wake. Hakutunga kitabu. Alitunga ubeti mmoja na kiitikio. Maneno ni machache, na muziki unarudia-rudia, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaushika upesi. Ni sala ya mtu anayeona watu wake katika taabu, naye hana silaha nyingine.

Na aliutungia nani? Wanafunzi wake. Hapa ndipo sisi tunaona siri ya mwalimu huyu. Wengine wanafikiri kama mtunzi ni mtu wa kukaa peke yake mahali pa kimya, mbali na kazi. Mtu kama huyo, akimaliza wimbo, anaanza tena kuzunguka mji kutafuta waimbaji. Mwalimu anao tayari! Kila asubuhi sauti nyingi zinakaa mbele yake kwenye mabenchi: nyembamba na nzito, nzuri na zile za kukwaruza. Mstari ukiwa mbaya, atausikia palepale, ataufuta ubaoni na kuandika mwingine. Sontonga hakungoja kazi ya kufundisha iishe ndipo atunge. Kufundisha kwenyewe kulimpa waimbaji, na kulimpa pia sababu ya kutunga.

Hakuishia kwa wimbo ule mmoja. Alitunga nyingi, akaziandika katika kaye. Wanasema nyingi zilikuwa nyimbo za huzuni, juu ya mateso ya watu weusi katika mji ule wa dhahabu. Alikuwa na nia ya kuzichapisha siku moja ziwe kitabu.

WIMBO UNATOKA

Mwaka 1899 wimbo wake uliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu wengi, siku ya kumwekea mikono mchungaji Boweni wa Kanisa la Methodisti. Mwaka ule ule vita vya Waingereza na Makaburu vilianza, vikaendelea mpaka 1902. Sontonga na kwaya yake waliimba Johannesburg na hata Natal, na watu walipenda.

Lakini tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alikufa. Alikuwa na miaka karibu 32 tu. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, kama mtu wa kawaida. Kitabu alichotaka kuchapisha hakijachapishwa.

Kisha kifo chake wimbo ulianza kutembea wenyewe. Kwaya ya Ohlange, shule ya John Dube huko Natal, iliuimba na kuueneza. Tarehe 8 Januari 1912, katika mkutano wa Bloemfontein ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, uliimbwa baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Solomon Plaatje, mwandishi na mmoja wa wakubwa wa chama kile, aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1925 chama kiliuchukua kuwa wimbo wake wa kufungia mikutano. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, maana ule ubeti mmoja haukuwashibisha tena waimbaji.

Halafu nchi zikapata uhuru. Tanganyika mwaka 1961 iliuchukua muziki wake na kuutilia maneno ya Kiswahili, na Tanzania inauimba mpaka leo. Zambia mwaka 1964 iliuchukua muziki, ikatia maneno mengine. Zimbabwe iliutumia toka 1980 mpaka 1994. Na Afrika ya Kusini yenyewe, ambako watu walifungwa gerezani na kuuimba humo, iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1994. Mwaka 1997 sehemu yake iliunganishwa na sehemu ya wimbo wa zamani ukawa mmoja.

KAYE ILIYOPOTEA

Sasa tufike kwenye jambo la kuumiza moyo. Ile kaye ya nyimbo ilikwenda wapi?

Sontonga alipokufa, kaye ilibaki kwa jamaa yake. Waalimu na viongozi wa kwaya walikuja kuiazima. Huyu aliazima, yule aliazima, kila mmoja alinakili wimbo aliotaka. Mwishoni kaye yenyewe ilipotea, haikuonekana tena. Mtu alifanya kazi miaka mingi, alitunga nyimbo nyingi, na dunia yote imebaki kumjua kwa wimbo mmoja. Wimbo ule haukupona kwa sababu ulihifadhiwa vizuri katika sanduku. Ulipona kwa sababu ulikwisha kuingia katika vinywa vya watu.

Hata kaburi lake lilipotea kwa miaka mingi. Watu walilitafuta kwa jina la Sontonga, kumbe katika kitabu cha makaburi aliandikwa Enoch tu. Lilipojulikana, serikali ililifanya kuwa ukumbusho wa taifa, na tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifungua jiwe la ukumbusho pale. Ilikuwa miaka 91 kisha kifo cha mwalimu.

MAFUNDISHO KWETU SISI

Jambo la kwanza: nafasi haiji yenyewe. Ukingoja siku isiyo na kazi, utangoja mpaka uzee. Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha kwa kuanza.

Jambo la pili: Sontonga hakuacha darasa lake ili atunge. Basi mwanafunzi asiseme anaimba na kwa hiyo hawezi kujua hesabu. Hapana. Sisi tunaosimamia wenzetu, na kupiga kengele, tunaona kama nusu saa ya kwaya haimwangushi mtu kwenye Egzeta. Zinazomwangusha ni zile saa tatu za masimulizi kando ya barabara. Tunaomba kwaya isisimame, ila ifupishwe: nusu saa, mara mbili kwa juma, basi. Na wale wa Alunguli waachwe kwanza, wavuke mto kabla ya giza.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo kubwa: tuandike nyimbo zetu. Hapa Kindu kila Noeli na kila Pasaka kwaya zinaimba nyimbo mpya. Mwaka unaofuata ukiuliza wimbo fulani, unaambiwa aliyeutunga alihamia Kisangani, ao Bukavu, na kaye alikwenda nayo. Tunapoteza mali, wandugu. Hakuna mgeni atakayekuja kututafutia.

Kwa hiyo tunaomba kila kwaya ya masomo yetu ilete wimbo mmoja, umeandikwa kwa solfa sauti zote, na jina kamili la aliyeutunga na mwaka wake. Jina kamili, tafadhali, si jina la ubatizo peke yake! Tutanakili mara mbili: nakala moja itabaki katika maktaba ya shule, na ya pili itachapwa katika buletini hii. Walimu wetu tunawaomba kwa heshima watangulie. Tunajua mnayo makaye nyumbani. Mkikosa nafasi ya kunakili, tutumeni. Sisi wa mwaka wa sita tuna mikono, na tutairudisha kaye siku ileile.